Matundu Kumi Nyuma ya Maabara

Alhamisi ya tarehe 4 Machi 1999, saa moja na dakika hamsini asubuhi, mwanamke wa kwanza aliandika jina lake katika daftari la mahudhurio la wafanyakazi wa shule ya sekondari ya wavulana. Daftari lipo hadi leo, rafu ya chini ya stoo ya ofisi, na ukurasa wenyewe hauna utata. Safu ya kwanza imechapwa "Bwana", naye kwa kalamu ya bluu amelikata neno hilo kwa mstari mmoja ulionyooka na kuandika juu yake "Bi". Mkuu wa shule wa wakati huo alimwita kumuuliza kwa nini anachafua nyaraka. Karani mpya, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, alijibu kwamba hakuona pengine pa kuandika.

Wavulana walimpa jina la Mama Muhuri, kwa kuwa kibali cha kutoka getini kisichokuwa na muhuri wake kilikuwa karatasi tu. Walimu wakalichukua jina hilo, kisha wazazi, kisha mlinzi, na baada ya miaka michache hata mdogo wake nyumbani, msusi mwenye mdomo mwepesi, akawa anamwita hivyo kila alipotaka kumchokoza.

Kitu ambacho shule haikuwa nacho mwaka ule ni choo cha mwanamke. Cha wanafunzi kilikuwepo. Cha walimu kilikuwepo. Cha wageni wa heshima kilikuwepo pia, na kilifungwa muda wote kikisubiri wageni wa heshima. Kwa wiki tisa Mama Muhuri alivuka barabara kwenda kwenye zahanati, hatua mia nne kwenda na mia nne kurudi, na kila safari ilimbidi ajiandikie kibali cha kutoka, akipige muhuri mwenyewe, kisha akipeleke kwa mkuu kikasainiwe. Kwenye nafasi ya "sababu" aliandika "shughuli binafsi". Kilipofika kibali cha mia moja na kumi, mkuu aliona karatasi za shule zinateketea, akaamuru stoo ya rangi igeuzwe choo. Stoo ikawekewa bakuli, bomba na kufuli, na ufunguo akakabidhiwa yeye. Siku za joto chumba hicho bado kinanuka tarpentaini.

Lakini kazi aliyojivunia haikuwa muhuri. Ilikuwa muhtasari wa vikao. Kwa miaka ishirini na sita alikaa kwenye kona ile ile ya chumba cha mikutano, kwenye kiti kisicho na mikono, daftari gotini, akaandika kila kilichosemwa na wala hakuandika ambacho hakikusemwa. Mjumbe akisema upuuzi, upuuzi huo ulipigwa chapa, ukapewa namba na kuhifadhiwa kwenye faili. Makarani wa shule za jirani walimuuliza kwa nini asiyanyooshe kidogo maneno ya wakubwa. "Mimi ni sikio," aliwajibu. "Kunyoosha watanyoosha wenyewe, wakisoma."

Hawakusoma. Kila kikao kilianza kwa kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, na jambo hilo lilikuwa na utaratibu wake. Nakala zinagawiwa. Kila mjumbe anatafuta jina lake kwenye orodha ya waliohudhuria, anahakikisha cheo chake hakijapunguzwa, kisha anajipepea na karatasi. Mwenyekiti anauliza, "Wajumbe, ni sahihi?" Mmoja anasema nathibitisha, mwingine anasema naunga mkono, karatasi ya saini inazunguka, soda zinafunguliwa. Nakala moja hupelekwa ofisi ya elimu. Mama Muhuri aliamini nayo huko inatumika kujipepea.

Barua ya wizara ilifika Juni mwaka jana, ikiwa na aya mbili. Kuanzia Januari shule itapokea wasichana sitini na nne wa kidato cha kwanza, na uongozi ufanye maandalizi. Maandalizi gani, barua haikusema, kwa hiyo uongozi ukajiamulia.

Siku tatu baadaye iliundwa Kamati ya Maandalizi ya Kuwapokea Wasichana, wajumbe kumi na mmoja, wanaume kumi na mmoja. Iliongozwa na mwenyekiti wa bodi, mfanyabiashara wa saruji na mabati aliyesoma hapo enzi zake na ambaye hajawahi kusahau kulitaja hilo. Mkuu wa shule, mtu mpole anayeshtuka simu ikilia, alikuwa katibu kwa jina. Kuandika aliandika Mama Muhuri. Na kusema alisema makamu mkuu wa shule, mwalimu wa historia, ambaye kila kikao aliweka simu yake katikati ya meza na kurekodi mwanzo hadi mwisho, "kwa ajili ya vizazi vijavyo". Walimu wenzake walidai anajisikiliza asubuhi akinyoa ndevu.

Kikao cha kwanza kilihusu sketi.

"Ipite goti," alisema Mwenyekiti.

"Ipite kwa kiasi gani, Mheshimiwa?" aliuliza Mkuu, kalamu mkononi.

"Kiasi cha heshima."

"Heshima ina sentimita ngapi?" Hilo lilitoka kwa mwalimu wa hisabati, aliyeuliza kwa nia njema kabisa.

Rula ya ubaoni ikaletwa. Kwa kuwa hapakuwa na msichana chumbani, na kumwomba Mama Muhuri asimame kulionekana kuwa ni kumvunjia adabu, makamu alijitolea. Alipanda kwenye kiti, akakunja suruali na kutazama dari kwa uso wa mtu anayechanjwa. Heshima ilipimwa kwenye mguu wa mwanamume wa miaka hamsini na miwili mwenye urefu wa futi sita, ikaonekana ni sentimita themanini na moja kuanzia kiunoni. Wajumbe walipiga makofi. Mama Muhuri alimfikiria mtoto wa miaka kumi na mitatu ndani ya sketi hiyo, akiikanyaga kwenye ngazi, kisha akaandika: "Urefu wa sketi: sm 81. Kipimo kilichukuliwa kwa makamu mkuu wa shule."

Kikao cha pili kiliisha bila kukubaliana kama neno "Wavulana" ling'olewe getini au lipakwe rangi nyepesi. Chama cha waliosoma zamani kilituma barua iliyoanza kwa maneno ya tanzia. Kikao cha tatu kilihusu umbali kati ya mvulana na msichana wakati wa mapumziko, na kilipitisha mita moja.

"Nawaonya," alisema makamu siku hiyo, akiinamia simu yake ili isipitwe. "Hawa wavulana wataanza kuoga kila siku. Watachana nywele. Watapiga pasi mashati. Na hapo ndipo masomo yatakapoporomoka."

"Kwani sasa hivi yako wapi?" aliuliza mwalimu wa hisabati.

Walicheka wote, isipokuwa makamu na Mkuu wa shule.

Katika vikao vyote hivyo, ikifika ajenda ya Mengineyo, mkono mmoja uliinuka kwenye kona.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, vyoo."

"Vimefanyaje?"

"Havipo."

"Havipo vipi? Si wewe mwenyewe unacho?"

"Ninacho kimoja, Mheshimiwa."

"Basi, huo ni mwanzo mzuri. Hilo tutalijadili nje ya kikao."

Naye akaandika: "Suala la vyoo litajadiliwa nje ya kikao." Aliandika hivyo mara tatu, kwa tarehe tatu tofauti. Nje ya kikao wajumbe walipanda magari yao.

Mwezi wa Septemba orodha ya wasichana waliochaguliwa ilitoka, na jina la ishirini na saba lilikuwa la mtoto wa mdogo wake. Mama Muhuri hana mtoto. Yeye, msusi na binti huyo wanaishi pamoja katika nyumba ya vyumba vitatu, kimoja kikiwa saluni, na binti amelelewa na wote wawili kiasi kwamba akiita "mama" hugeuka wote. Siku ya habari hiyo alikuwa amekaa sakafuni akitenganisha nywele za bandia, akauliza bila kuinua kichwa:

"Mama mkubwa, hivi kwenye shule yenu choo cha wasichana kiko upande gani?"

"Kipo."

"Upande gani?"

"Karibu na ofisi. Ufunguo ninao mimi."

Msusi alisimamisha chanuo juu ya kichwa cha mteja. "Ngoja kwanza. Wasichana sitini na wangapi?"

"Na wanne."

"Ufunguo mmoja?" Alimgeukia mteja kama anayetafuta shahidi. "Umesikia? Hiyo si shule, dada yangu, hiyo ni foleni. Na huyu wangu akiingia siku zake? Atainua mkono darasani aseme nini, naomba kwenda kwa mama mkubwa?"

"Nimelisema mara tatu kwenye kikao."

"Umelisema, halafu ukaandika walivyokujibu. Hongera, Mama Muhuri." Aliendelea kusuka. "Si ndio kazi yako? Mtu akitema mate, unayaandika."

Mteja alijifanya hasikii. Mama Muhuri alikwenda jikoni kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi. Kilichomuuma ni kwamba maneno yalikuwa ya kweli. Alivikumbuka vibali mia moja na kumi. Alizikumbuka siku ambazo hakunywa maji tangu asubuhi ili asivuke barabara, na jinsi kichwa kilivyomwanga ikifika saa nane. Yeye alikuwa mtu mzima, na mwenye muhuri.

Kikao cha nne kilifanyika wiki iliyofuata, na kilitumia saa tatu kupanga sherehe ya mapokezi. Kulikuwa na bango, mapazia ya waridi kwa madarasa mawili, hema, kipaza sauti, na hotuba nne, mbili kati yake za makamu. Chini ya Mengineyo mkono uliinuka, Mwenyekiti akautazama, akasema, "Mama, vyoo tumevisikia," akafunga kikao.

Ijumaa mchana Mama Muhuri alikaa mbele ya kompyuta, feni ikizunguka kwa mlio wake wa kawaida, akapiga chapa muhtasari. Azimio la kwanza, bango. La pili, hema. Alifika la tano, akasimama. Kisha akaandika la sita, ambalo hakuna sikio lililolisikia: "Kikao kiliazimia kwamba matundu kumi ya vyoo vya wasichana, yenye maji ya bomba, milango inayofungwa kwa ndani na mapipa yenye mifuniko, yajengwe nyuma ya maabara na kukamilika kabla ya tarehe 15 Desemba, kwa kutumia fungu la sherehe ya mapokezi. Mwenyekiti alisisitiza suala hili kwa uchungu mkubwa."

Alilifuta. Akaenda kunywa maji, akarudi, akaliandika tena. Sentensi ya mwisho aliifuta mara mbili zaidi, kisha akaiacha, kwa kuwa azimio lisilo na mkubwa nyuma yake halina miguu. Akabonyeza kitufe cha kuchapa. Alibakiza miaka mitatu tu astaafu, na alijua kitendo hicho kinaitwaje kwenye kanuni za utumishi, maana kanuni hizo alizipiga chapa yeye.

Kikao cha tano kilianza kama vyote. Nakala zikagawiwa, kila mmoja akajitafuta, Mwenyekiti akauliza kama ni sahihi. Mwalimu wa hisabati alithibitisha, makamu akaunga mkono, karatasi ya saini ikazunguka. Saini kumi na moja. Mama Muhuri alizihesabu kwa macho, akaiweka karatasi kwenye faili.

Ofisi ya elimu ilikuwa na msomaji mmoja, naye alikuwa ofisa mpya. Siku sita baadaye alimpigia simu Mwenyekiti kumpongeza. Katika shule zote alizozipitia, alisema, hiyo ndiyo kamati ya kwanza iliyoanza na vyoo badala ya sherehe, na angependa kuja kuona msingi ukichimbwa. Kisha akamsomea azimio la sita hadi sentensi yake ya mwisho.

"Nililisema kwa uchungu," alijibu Mwenyekiti.

Alasiri hiyo Mkuu wa shule alimwita karani ofisini, nakala mkononi. "Mama, hili la sita tulilisema lini?"

"Lipo kwenye muhtasari, Mwalimu. Ukurasa wa tatu."

"Naliona. Nauliza tulilisema lini."

"Ukurasa wa mwisho kuna saini yako."

Mkuu alifungua ukurasa wa mwisho, akaitazama saini yake kama mtu anayetazama picha ya ndugu aliyepotea, akaufunga. "Mwite fundi mwashi," alisema.

Kwa wiki saba nyuma ya maabara palikuwa na kelele za koleo na toroli. Saruji ilitoka dukani kwa Mwenyekiti, kwa bei aliyoiita ya uzalendo. Alikuja kila Jumamosi kuwaonyesha wageni mahali alipokuwa amesimama wazo lilipomjia, na mahali hapo palibadilika kila Jumamosi. Aliagiza kibao cha marumaru chenye jina lake, kitakachowekwa juu ya mlango wa tundu la kwanza. Hema lilifutwa. Mapazia yalifutwa. Hotuba nne zilipunguzwa hadi moja, na hiyo moja haikuwa ya makamu.

Hapo ndipo makamu aliporudi kwenye rekodi zake. Alisikiliza kikao cha nne chote, saa tatu na dakika kumi na nne, akifuatisha kwa muhtasari. Alikuta bango. Alikuta hema. Alijikuta mwenyewe, kwa dakika tisini na tatu. Vyoo alivikuta mara moja, kwa sauti ya Mwenyekiti, mwishoni kabisa, vikifukuzwa. Aliandika barua kwa bodi yenye kichwa cha habari "Kughushiwa kwa Nyaraka za Shule", na aya ya tatu ilitaja kwamba mtuhumiwa ana mtoto wa ndugu yake katika orodha ya wasichana.

Mwenyekiti ndiye aliyekuja kwanza, kabla bodi haijaitishwa. Alifunga mlango wa ofisi, akavuta kiti, akaketi karibu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mama Muhuri, sisi ni watu wazima. Hilo la vyoo nilikwambia nje ya kikao. Si kweli?"

"Si kweli, Mheshimiwa."

"Labda kwa simu."

"Hujawahi kunipigia simu."

"Sikiliza, mama." Alitoa karatasi iliyopigwa chapa tayari. "Hapa panasema nilikupa maelekezo kwa mdomo, wewe ukayaingiza sehemu isiyo yake. Kosa la kiofisi. Unapewa onyo, unastaafu kwa amani, makamu ananyamaza, kibao kinapanda. Saini hapa tu."

Aliomba aondoke nayo nyumbani. Huko, msusi aliisoma akiwa amesimama, mara mbili.

"Saini," alisema.

"Hakuniambia kitu yule."

"Na ulipoandika kwamba alisisitiza kwa uchungu, alikuwa na uchungu gani? Meno? Umeshaongopa mara moja, hii ya pili inakuchoma nini? Dada, utamwaga unga kwa ajili ya sentensi!"

"Ile ilikuwa ya watoto. Hii ni ya kwake."

"Basi kila mtu atasema umenijengea choo mimi," alidakia binti kutoka mlangoni. "Nitaitwa Binti Matundu mpaka kidato cha nne."

"Utaitwa, na utakuwa na pa kwenda ukalie," alisema mama yake, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo wakacheka wote watatu. Kisha msusi akaacha kucheka. "Wanaweza kukunyima pensheni. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

Asubuhi iliyofuata alimrudishia Mwenyekiti karatasi yake bila saini, imekunjwa vizuri. Badala yake aliwasilisha maelezo yake mwenyewe, mistari minne, yenye muhuri: "Azimio la sita la kikao cha nne halikutamkwa na mjumbe yeyote. Nililiandika mimi bila kutumwa. Mtoto wa mdogo wangu ni mmoja wa wasichana sitini na nne. Azimio lilithibitishwa na wajumbe kumi na mmoja katika kikao cha tano, saini zimeambatishwa."

Mstari wa nne ulifanya bodi iahirishe shauri mara mbili. Mwanasheria wao aliwaeleza kwamba kumfukuza mtu kwa kughushi ni rahisi, ila kwanza wajumbe kumi na mmoja watatakiwa kueleza kwa maandishi walithibitisha nini. Mwalimu wa hisabati alijitolea kueleza. Wenzake walimkalisha chini.

Wasichana waliripoti Jumatatu ya tarehe 12 Januari, saa moja na nusu. Sketi zilifika kwenye vifundo vya miguu, na kabla ya saa tatu wengi walikuwa wamezikunja kiunoni mara mbili. Wavulana walikuwa wameoga. Kengele ya mapumziko ilipolia, sitini na nne walielekea nyuma ya maabara, na Mama Muhuri aliwatazama kupitia dirisha la ofisi, kalamu mkononi. Maji yalitoka katika matundu manane kati ya kumi. Ilipolia kengele ya kurudi darasani, dakika ishirini baadaye, nyuma ya maabara hapakuwa na mtu.

Shauri la karani litasikilizwa Alhamisi ya tarehe 22 Januari, saa nne asubuhi, katika chumba cha mikutano. Makamu atawasilisha rekodi. Shule haijapata karani mwingine, kwa hiyo muhtasari wa kikao hicho utaandikwa na Mama Muhuri, na wajumbe wameomba, kwa mara ya kwanza, wapewe nakala siku mbili kabla ya kuithibitisha, ili waisome.